Siku Harufu Ilipokoma

Harufu ilikoma Jumanne, saa nne asubuhi, na nyumba nzima ikashukuru.

Kwa siku kumi na mbili nyumba ile ya mwisho mtaani, iliyojengwa pale mteremko unapoanza kushuka bondeni, ilikuwa inanuka yai viza. Yai viza kwenye mapazia, yai viza kwenye mito, yai viza kwenye nguo za wateja. Fundi cherehani, mama wa nyumba hiyo, alirudishiwa magauni sita ya harusi na mteja aliyeyashika kwa ncha za vidole, akauliza kama yalishonewa chooni. Fundi alicheka pamoja naye ili asimpoteze. Mteja alipoondoka akayafua upya magauni yote sita, akayaanika, akaingia ndani akalia.

Sasa, ghafla, hakuna kitu. Alivuta hewa mara mbili, kama mtu anayeonja chumvi. Akafungua madirisha yote. Akaenda hadi juu ya zile ngazi tano zinazoshukia chumba cha chini, alikolala mama mkwe wake, akamwita ampe habari.

Bibi akajibu kwa sauti nzito ya mtu aliyekwisha kuingia nusu usingizini. "Nimeona, mkwe wangu. Hebu niache nilale. Leo pua imenipa likizo."

Fundi akacheka. Katika siku zote zile ni Bibi aliyeteseka kuliko wote. Pua yake ilikuwa hadithi ya mtaa mzima. Alikuwa na uwezo wa kusimama mlangoni akamwambia jirani kwamba maziwa yake yatakatika kesho. Siku ya sita ya harufu alivaa viatu vyake vizuri, akapanda hadi ofisi za kampuni ya gesi, akakaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Msichana wa mapokezi alimpa fomu ya malalamiko. Fomu iliuliza harufu ikoje, na chini yake kulikuwa na visanduku vitatu: kali, wastani, hakuna. Bibi alitia alama kwenye kali. Kisha, kwa kuwa aliona kisanduku ni kidogo kwa jambo lenyewe, akaandika pembeni: Naomba mje mnuse wenyewe. Alipokuwa anatoka alisikia nyuma yake kichupa kikipulizwa. Msichana alikuwa ananyunyiza manukato mahali alipokaa.

Majibu yalikuja siku ya tisa. Barua ya mstari mmoja, yenye muhuri, ikisema malalamiko yamepokelewa.

Mwanawe, anayefanya kazi hukohuko kwenye gesi, alimtania mezani kwamba pua nayo huzeeka. Bibi hakucheka. Alisema, "Mficha maradhi, mwanangu. Malizia mwenyewe." Mwanawe akasema ni mitaro ya maji machafu tu, akaomba aongezewe chai.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Macho yalimwasha, na uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano mara tatu mfululizo. Akajiambia ni usingizi wa siku kumi na mbili unaodai haki yake. Akachukua simu ampigie mumewe, amshukuru.

*

Mume huyo kazini walimwita Kipimo. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya bomba kila asubuhi, kusoma saa za kupimia mgandamizo wa gesi moja baada ya nyingine na kuandika namba daftarini. Kabla ya hayo yote, saa kumi na mbili kamili, alibadilisha namba za ubao wa getini. Ubao wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko geti. Uliandikwa SIKU BILA AJALI, na chini yake zilining'inia namba za bati kwenye misumari. Asubuhi ile alikuwa ametundika 997.

Meneja alikuwa ameahidi mbele ya watu wote, kwa kipaza sauti, kwamba ubao ukifika elfu moja vibarua wote wa zamu ile watapewa mikataba ya kudumu. Kipimo alikuwa kibarua kwa miaka tisa. Katika miaka tisa mtu husikia ahadi nyingi, lakini hii ilikuwa na namba, na namba alizitundika kwa mkono wake mwenyewe.

Ndani ya chumba cha zamu kulikuwa na karatasi kubwa ukutani, jedwali la hatari. Kila hatari ilipewa mstari wake na rangi yake. Juu kabisa, kwa rangi nyekundu, palikuwa na Kusimama kwa uzalishaji. Chini yake, nyekundu pia, Kushuka kwa bei. Ukiteremka rangi zilipoa: chungwa, njano. Mstari wa mwisho, kijani kama jani la mchicha, ulisomeka Harufu kwa majirani, na kwenye safu ya hatua za kuchukua paliandikwa Elimu kwa umma. Aliyelichora hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na cheti.

Simu ilipoita, Kipimo alikuwa amesimama chini ya karatasi hiyo na daftari lake.

Mkewe alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu mwezi uliopita. Akamwambia ahsanteni, jamani, mmelimaliza. Akamwambia amefungua madirisha. Akamwambia amenusa kila pembe ya nyumba na hakuna harufu hata chembe.

Daftari likamtoka mkononi.

Kila mtu anayeingia kwenye gesi ile hufundishwa sentensi mbili siku ya kwanza, kabla hata ya kupewa kofia. Ukisikia harufu, toka. Ukiacha kuisikia na hujatoka, kimbia. Gesi ile ikiwa kidogo, pua hupiga kelele. Ikizidi, pua ndiyo hufa kwanza, halafu mwenye pua.

"Macho yako yakoje?" akauliza.

"Yanawasha kidogo. Mbona?"

"Kichwa?"

"Kinagonga. Si usingizi tu huu. Mume wangu, mbona sauti yako hivyo?"

"Mama yuko wapi?"

"Amelala chini. Hatimaye amepata usingizi, maskini. Usipige kelele."

Kipimo aliisogeza simu karibu na mdomo. Akasema, taratibu, kama mtu anayehofia maneno yenyewe yasimwagike. "Sikiliza. Acha kila kitu. Toka, panda juu hadi shuleni kwa mtoto. Usirudi kuchukua chochote."

"Nimwamshe mama kwanza."

"Usishuke."

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Umesema nini?"

"Gesi hiyo nzito. Inakaa chini kama maji. Ukishuka ngazi zile hupandi tena. Mwite ukiwa juu, piga kelele, kisha utoke."

"Ni mama yako huyo."

"Najua ni mama yangu," alisema Kipimo. "Usishuke." Akakata simu. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na tatu.

*

Kitufe cha dharura kilikuwa ukutani, hatua kumi kutoka alipokuwa, chini ya kioo chembamba kinachovunjika kwa kiwiko. Ukikibonyeza, visima vyote hufungwa, king'ora hulia hadi mjini, na kikosi cha uokoaji hutoka na mitungi ya hewa mgongoni. Mtu hana njia nyingine ya kukitoa kikosi.

Kipimo alikipita kitufe akikimbia.

Bondeni, pale bomba linapopinda, kulikuwa na nguzo yenye kifaa cha kunusa gesi. Wafanyakazi walikiita Pua. Siku kumi na mbili zilizopita Pua ilianza kulia kila baada ya saa chache. Kila kilio kilipaswa kuandikwa, na vilio vitatu kwa siku moja husimamisha uzalishaji wote. Mkuu wa zamu alikuja akasimama karibu na Kipimo, akatazama mawingu, akasema kile kifaa kinasumbuliwa na umande, na ingekuwa heri kama kingefunikwa kidogo mpaka ubao ufike. Hakusema kifunikwe na nani. Kipimo alichukua mfuko wa mkate aliofungiwa chakula chake, akaivalisha Pua, akaufunga kwa kipande cha lastiki alichokitoa kwenye kopo la mkewe kwa ajili ya kushikia soksi. Pua ikanyamaza. Usiku ule kifaa cha bondeni kilikuwa kimya na nyumba yake ikaanza kunuka.

Sasa alikimbilia huko. Baadaye aliulizwa, naye alijiuliza, alikuwa na akili gani. Jibu lilikuwa fupi na baya: akiutoa mfuko, Pua italia yenyewe. Ikilia bila kukoma kwa gesi nyingi namna hii, kikosi kitatoka vilevile, na hakuna atakayeuliza ni nani aliyeiziba. Miaka tisa ya kuogopa kufukuzwa ilikuwa imeifundisha miguu yake pa kwenda, nayo ikaenda kabla hajaiuliza.

Aliisogelea nguzo upepo ukimpiga mgongoni, amebana pumzi. Bomba lilikuwa linazomea pale kwenye kona, sauti ndogo kama ya birika. Akavuta lastiki, akaunyofoa mfuko, akarudi nyuma, akangoja.

Pua haikulia.

Siku kumi na mbili ndani ya mfuko zilikuwa zimeitoa jasho. Kioo chake kilikuwa kimejaa ukungu, na tone moja la maji limening'inia katikati. Akaifuta kwa mkono wa shati. Akaitikisa. Akaibembeleza kwa maneno, kama mtu anayebembeleza mtoto aseme pale mwizi alipopitia. Haikulia. Gesi ilipita mbele yake ikiteremka, haina rangi, haina haraka, ikifuata mteremko kuelekea nyumba ya mwisho mtaani.

Ndipo akageuka akakimbia kurudi. Alivunja kioo kwa ngumi, si kwa kiwiko kama walivyofundishwa, na king'ora kikalia saa nne na dakika ishirini na moja.

*

Fundi alisimama juu ya zile ngazi tano na kuita. Aliita mama, akaita tena kwa sauti ambayo mkwe hamwitii mama mkwe. Akachukua mkasi wa kukatia vitambaa akagonga chuma cha ngazi. Akatupa kopo la vifungo, likapasuka mlangoni mwa chumba cha chini, vifungo vikatawanyika sakafuni kama mvua ya mawe.

"Nakuja," alisema Bibi.

Fundi alisikia kitanda kikilia. Alisikia mguu mmoja ukitafuta kiatu. Kisha kitu kikaanguka, kizito na laini, na baada ya hapo hakusikia tena.

Aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Akaweka wa pili. Kwenye ngazi ya pili magoti yalilegea kama uzi uliolowa, na macho yakajaa machozi yasiyokuwa ya kulia. Hakuamua kurudi, mwili ulimrudisha, akipanda kwa mikono. Alijikuta nje, barabarani, futi ya kupimia bado shingoni, akipanda kuelekea shuleni na kugeuka nyuma kila hatua.

Watu walikuwa wamejaa pale juu. Kila mmoja alimuuliza kuna nini. Akawaambia kuna gesi. Wakanusa. Jirani mmoja akasema, kwa wema kabisa, "Lakini leo hewa safi, dada. Harufu si imekwisha?" Akataka kushuka amsaidie kumtoa mama. Fundi alimshika ukosi wa shati, akamshika kwa mikono miwili, hakumwachia. Alimshikilia mwanamume mzima namna ile, akitazama saa ya simu yake iliyokuwa kwenye kiganja kilekile. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Alikuwa anangoja king'ora. Alijua kabisa, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu wa gesi, kwamba kitufe kiko mlangoni mwa chumba cha zamu.

Kikosi kilifika dakika nne baada ya king'ora. Walishuka wanne wenye barakoa. Walipanda na Bibi ndani ya shuka lake. Alikuwa na kiatu kimoja mguuni, na kifungo cheupe kimemganda shavuni.

*

Wakubwa wa kampuni walikuja kutoa pole. Walikaa kwenye viti vya wateja wa Fundi, chini ya magauni sita yaliyokuwa bado yananing'inia. Bwana mmoja mwenye sauti ya upole alieleza kwamba bomba limezibwa, kwamba marehemu alikuwa mtu mzima mwenye umri wake, na kwamba uchunguzi utafanyika kwa kina. Alipokuwa anaaga akamshika Kipimo bega, akamwambia kwa sauti ya chini asiwe na wasiwasi kuhusu ule ubao. Ubao unahesabu ajali za wafanyakazi. Marehemu hakuwa mfanyakazi. Kwa hiyo hesabu inaendelea.

Kipimo alimwangalia mdomoni, kana kwamba maneno yametoka kwa mtu mwingine aliyejificha humo.

Walipoondoka, Fundi alifunga mlango. Alikuwa hajasema na mumewe tangu mazishini. Akatoa simu, akaiweka mezani mbele yake.

"Ulinikatia saa nne na dakika kumi na tatu," akasema. "King'ora kimelia ishirini na moja. Ulikuwa wapi?"

Kipimo akaanza kumweleza kuhusu mitambo, kwamba mfumo una hatua zake, kwamba kabla ya kubonyeza mtu lazima ahakikishe. Fundi alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Mimi sikuuliza mitambo. Nimeuliza wewe."

Kipimo aliingiza mkono mfukoni. Alikuwa amevaa suruali ileile siku tatu, na watu walidhani ni huzuni. Akatoa kipande cha lastiki nyeupe, akakiweka kando ya simu.

Fundi alikijua kabla hakijatua. Mwezi ule alimtafuta mchawi wa lastiki yake nyumba nzima. Alimlazimisha binti yao wa darasa la tatu apekue chini ya vitanda, akamwambia wasichana wanaochezea vitu vya kazi hawakui. Binti alilia na kuapa. Bibi ndiye aliyemtetea, akasema mtoto hanuki uongo.

Kipimo akaeleza. Alieleza yote, mfuko wa mkate, umande, mkuu wa zamu aliyetazama mawingu, kioo chenye ukungu. Alieleza akitazama meza. Fundi aliishika ile lastiki, akaivuta na kuiachia, akaivuta na kuiachia, kama anavyofanya dukani kabla ya kununua. Hakupiga kelele. Alipozungumza, alizungumza kwa mshangao wa mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa.

"Alisema nakuja. Mama yako. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alikuwa anatafuta kiatu." Akaiweka lastiki mezani. "Dakika nane, wewe. Angekuwa amevaa vyote viwili."

Kipimo akaanza kuomba msamaha. Fundi akamzuia kwa kiganja.

"Si kwangu. Nenda kaandike. Pale alipokwenda kuandika yeye."

*

Ijumaa asubuhi ubao wa getini ulisomeka 1000. Kuna mtu alikuwa amezipaka namba rangi mpya, na rangi ilichuruzika kidogo kwenye sifuri ya mwisho. Mkuu wa zamu alimpokea Kipimo kwa mikono yote miwili, akasema hakutegemea kumwona mapema hivyo, lakini amefanya vizuri, kwani mikataba iko tayari mezani na meneja anasafiri saa nne. "Njoo utie saini kwanza, ndugu yangu. Tutaomboleza vizuri tukiwa na kazi."

Kipimo alimwambia anakuja. Neno lenyewe lilipomtoka likamchoma, akasimama kidogo. Kisha akaupita mlango wa meneja, akaenda mapokezi, akakaa kwenye benchi.

Msichana wa mapokezi alimjua. Akampa pole. Alipoombwa fomu ya malalamiko alishtuka, akauliza ni harufu tena? Akampa fomu na kalamu, na kwa mazoea mkono wake ukasogea karibu na kichupa cha manukato.

Kipimo aliandika jina lake. Akaandika namba yake ya kibarua. Akaandika saa nne na dakika kumi na tatu, na saa nne na dakika ishirini na moja. Alipofika kwenye visanduku vitatu alitia alama kwenye cha tatu.

Msichana alikuwa anasoma kwa juujuu kutoka upande wake wa kaunta. "Kaka, hapa umekosea. Umeweka hakuna. Kama hakuna harufu, unalalamikia nini?"

Kipimo akatoa mfuko wa mkate uliokunjwa mara nne, akauweka kaunta. Akaweka lastiki juu yake. Akaendelea kuandika.

Msichana aliutazama mfuko. Ndani yake kulikuwa bado na chembe za mkate na ukungu kidogo wa maji. Akasoma mstari uliokuwa unatoka kwenye kalamu, neno baada ya neno, akiufuata kichwa chini miguu juu. Kisha bila kujua anafanya nini akavuta hewa kwa pua, polepole, kama wafanyavyo watu wote, akitafuta kitu. Hakusikia kitu, na sentensi ya pili ya siku yake ya kwanza kazini ikamjia.

Akasimama.